Kumfuata Mtoto wa Manowari

Mtaa wa kwanza niliosoma jina lake nilipotoka peke yangu London uliitwa Jack Cornwell Street. Uko Manor Park, mashariki ya jiji, si mbali na nyumba ya mama mdogo aliyenipokea. Kwetu Mombasa, ukitaka jina lako liandikwe kwenye kona ya barabara, sharti uwe rais, mpigania uhuru au mkubwa aliyetajika. Niliporudi nikamwuliza mama mdogo, “Huyu Cornwell alikuwa nani? Meya?”

“Meya wapi, mwanangu!” akanijibu huku akikunja nguo. “Alikuwa mtoto. Baharia wa miaka kumi na sita. Aliuawa vitani, wakampa nishani kubwa kuliko zote walizo nazo.”

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Miaka 16 ndiyo umri wa watoto ninaosimama mbele yao kila siku: wanaosahau kalamu, wanaoangua kicheko bila sababu, wanaoomba ruhusa ya kwenda msalani pale pale somo linaponoga. Nilijaribu kumweka mmoja wao juu ya sitaha ya meli ya vita, nikashindwa. Alifikaje huko? Alifanya nini hata akapewa nishani akiwa tayari yu kaburini? Nilikuwa nimekuja Uingereza kwa mara ya kwanza maishani, kumtembelea ndugu ya mama yangu na kuona dunia. Jioni ile likizo yangu ikapata kazi.

Ilikuwa mwishoni mwa Mei 2024. Kabla sijashangazwa na majengo wala watu, nilishangazwa na jua. Mombasa, mwaka wote, jua halituvushi saa moja ya usiku: adhana ya Magharibi inaadhiniwa, taa zinawashwa, watoto wanaitwa ndani. London saa mbili usiku watoto bado walikuwa wakicheza mpira nje. Tuliswali Magharibi saa tatu imepita. Mwili wangu uliniambia ni usiku, macho yakaniambia ni alasiri, nikakaa kitandani nimeduwaa, pazia zimefungwa na mwanga unapenya pembeni. Baadaye nilipoanza kusoma habari za yule mtoto niliona kwamba mwanga huo mrefu una sehemu katika kisa chake. Alijeruhiwa saa kumi na moja na nusu ya jioni, tarehe 31 Mei 1916. Kwetu saa hiyo jua limeshaelemea magharibi. Kule bahari ya Kaskazini bado ilikuwa na saa kadhaa za mchana mbele yake, na kila saa ilikuwa na mizinga.

Siku iliyofuata mama mdogo alikuwa na nafasi, akanipeleka Imperial War Museum, makumbusho ya vita yaliyoko Lambeth, kusini ya mto Thames. Tulipanda treni ya njia ya Elizabeth, ndefu, safi, yenye ubaridi wa kupendeza, kisha tukabadilisha ya chini kwa chini. Behewa lilijaa watu wa kila rangi, na hakuna aliyemsalimu mwenzake. Mimi nimezoea matatu za Mombasa, ambamo ukifika Buxton umeshajua jirani yako anaumwa na nini na mwanawe anasoma wapi. Nilimwambia mama mdogo kwa sauti ya chini kwamba watu hawa wana huzuni. “Hawana huzuni,” akasema, “wanapumzika. Hapa treni ndiyo faragha yao.” Nikanyamaza nami, na kusema kweli ule ukimya ulinipa nafasi ya kufikiri.

Mbele ya makumbusho kuna bustani, na katika bustani kuna mizinga miwili ya manowari ambayo sijapata kuona mfano wake. Mdomo wa kila mmoja una upana wa sentimita 38. Mtoto mdogo angeweza kuingia akajikunja humo. Jengo lenyewe lina kuba na nguzo, na nilipoelezwa lilikuwa nini zamani nilisimama ngazini kwanza: lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, Bethlem, hadi mwaka 1930. Vita vikahamia mahali walipolazwa watu walioteswa na mawazo yao. Kiingilio ni bure, jambo lililonifurahisha kama mwalimu, kwani ndani tulikuta madarasa mazima ya watoto wamekaa sakafuni wakichora vifaru na ndege kwenye daftari zao.

Tuliutafuta mzinga wa Chester, manowari ya Jack, hadi tukaupata. Mtoto yeyote wa Mombasa anaijua mizinga. Tumekua tukiipanda pale Fort Jesus, na miongoni mwake imo miwili ya vita hivi hivi vya kwanza vya dunia: mmoja wa meli ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji hadi ikateketezwa Julai 1915, na mwingine wa Pegasus, manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Zanzibar Septemba 1914. Kwangu mzinga ulikuwa kitu cha kupigia picha siku ya Idi. Huu wa Chester nilikuja kuutazama nikijua jina la aliyesimama pembeni yake, na kwa mara ya kwanza nikautazama mzinga kama mahali pa kazi.

Una ngao ya chuma kwa mbele. Nyuma uko wazi kabisa, na ngao yenyewe haifiki chini. Mama mmoja mtunzaji wa ukumbi aliniona nikiinama kuchungulia ile nafasi ya chini, akasogea. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole.

“Hapo ndipo palipowamaliza,” alisema. “Kombora likipasuka sitahani, vipande vya chuma vilipita chini ya ngao. Wengi wa wale mabaharia walikatwa miguu.”

Akanionyesha upande alikosimama Jack. Kazi yake ilikuwa kuweka shabaha. Masikioni alivaa simu iliyounganishwa na afisa wa mizinga. Afisa akitaja umbali wa adui na mwelekeo, Jack anazungusha vigurudumu vya shaba hadi namba zilingane na amri, ndipo wenzake wafyatue. Ni kazi ya kusikia vizuri na kutotetemeka mkono. Niliviangalia vile vigurudumu kwa muda mrefu. Ni vidogo, vinazungushwa kwa vidole, wala havihitaji nguvu za mtu mzima. Mtoto anayeweza kutumia bikari ya hesabu angeiweza kazi ile, na wazo hilo halikunipa raha.

Chester ilikuwa manowari mpya. Ilianza utumishi mwanzoni mwa Mei 1916, na Jack alipanda humo akiwa ametoka mafunzoni. Kabla mwezi haujaisha ikajikuta katika vita vya Jutland, karibu na pwani ya Denmark, pambano kubwa kupita yote ya baharini katika vita vile: meli zipatazo 250, watu kama 100,000, Waingereza upande mmoja na Wajerumani upande wa pili. Chester ilitangulia mbele ya manowari kubwa kutazama njia. Ikasikia mizinga, ikageukia ulikotoka mlio, na katika ukungu ikakutana na meli nne za Kijerumani kwa pamoja. Kwa dakika chache ilipigwa kombora juu ya kombora. Karibu watu 80 waliuawa au kujeruhiwa.

Katika mzinga wa mbele wenzake Jack walianguka kumzunguka, wengine wafu, wengine wakiugulia. Yeye vipande vya chuma vilimwingia kifuani. Simu ilikuwa bado masikioni. Angeweza kulala chini, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakulala. Alibaki wima penye vigurudumu vyake akingoja amri hadi pambano lilipokwisha, na waganga walipofika walimkuta pale pale, akiutazama mzinga wake.

Nilimwuliza yule mama, “Alifyatua tena?”

“Hapana. Alingoja tu.”

Jibu hilo liliniganda kichwani kuliko kitu kingine chochote nilichosikia siku ile. Nilitarajia kisa cha mtoto aliyezamisha meli au aliyeokoa wenzake kutoka motoni. Nchi yenye historia ndefu ya vita ilimpa mtoto heshima yake kubwa kabisa kwa sababu alibaki mahali alipoambiwa abaki, akiwa na jeraha la kifo, endapo mtu angemhitaji. Kamanda wa manowari yake na admirali Beatty, aliyeongoza kikosi kizima cha manowari za mbele, waliliona hilo na kuliandika. Ujasiri wa namna hiyo ninaujua. Ni wa mtu anayemwuguza mzazi bila kuondoka kitandani pake, au wa nahodha anayekuwa wa mwisho kuacha chombo. Kwetu hatuna nishani yake, lakini tuna heshima yake.

Nishani yenyewe tuliiona ghorofa ya juu, nyuma ya kioo. Inaitwa Victoria Cross, na ilianzishwa na Malkia Victoria mwaka 1856. Kwa vile ndiyo kubwa kuliko zote nilidhani nitaona dhahabu, na huenda kito katikati. Nikaona msalaba wa shaba nyeusi, upana wake haufiki sentimita 4, una rangi ya dele la kahawa lililokaa miaka mingi juu ya makaa. Juu yake kuna simba, taji, na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana kwamba imetolewa kwa ajili ya ushujaa. Mkononi isingekuwa na uzito wa kutisha. Mama mdogo alisogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

“Ndiyo hii?” akauliza.

“Ndiyo hii.”

“Basi thamani yake iko kwa mwenyewe,” akasema.

Hapo mwanzo nishani hii haikuwa ya marehemu. Ukifa katika tendo lako, jina lako hutajwa kwa heshima na basi. Ni mwanzoni mwa karne ya ishirini tu ndipo familia za waliokufa zilipoanza kukabidhiwa. Hata baada ya hapo, kwa miaka mingi, hadi 1979, nishani nyingi nyingine za ushujaa za Uingereza hazikutolewa kwa mtu aliyekwisha kufa. Jack akapewa. Tangazo lilitolewa Septemba 1916, na Novemba mama yake akaitwa ikulu ya Buckingham, akapokea nishani mkononi mwa Mfalme George wa Tano. Mwanawe ndiye wa tatu kwa udogo wa umri katika wote waliowahi kuipata.

Nilirudi Manor Park nikiwa na hamu ya kumjua mtoto kabla ya manowari. Kwa hiyo kesho yake nilitembea. Jack alizaliwa Leyton, jirani na hapo, Januari 1900, na familia ikahamia Manor Park angali mdogo. Akasoma shule ya mtaa, akawa skauti, na alipomaliza masomo akaajiriwa kusambaza chai kwa gari la kampuni ya Brooke Bond. Niliposoma hilo nilicheka kwa mshangao. Brooke Bond! Jina ambalo kwa miaka mingi sisi Wakenya tuliliona kwenye pakiti za majani ya chai jikoni kwa mama zetu. Kijana wa miaka 14 akipeleka chai mlango hadi mlango katika mitaa hii hii ninayopita, ambako leo kuna maduka ya vitambaa vya Kihindi, bucha za halali, na mama mmoja wa Kisomali aliyeniitikia salamu yangu kwa Kiswahili cha Kismayu.

Mwaka 1915 akajiunga na jeshi la wanamaji, bila idhini ya baba yake. Mkononi alikuwa na barua mbili za kumsifu, moja ya mwajiri na nyingine ya mwalimu mkuu. Barua ya mwalimu mkuu ilinisimamisha njiani. Mimi pia huandika barua kama hizo: mtoto huyu ni mwaminifu, ni mtiifu, ana bidii. Tunaziandika kwa wino wa kheri, tukiomba zimfungulie mtoto mlango. Nilimhurumia mwalimu yule, ambaye bila shaka aliandika yaliyo kweli tupu.

Makaburi ya Manor Park yako karibu na kituo cha treni. Nilikwenda Jumapili asubuhi. Sikuzoea makaburi ya aina hii. Kwetu maiti huzikwa siku ile ile ikiwezekana. Jeneza hupokezanwa mabegani, kila mwanamume akitaka kulibeba japo hatua saba, na kaburi hubaki udongo na kijiwe. Hapa ni mji wa mawe: safu kwa safu, malaika wa marumaru, picha za marehemu, maua ya plastiki, na watu wakitembea na mbwa njiani kwa utulivu. Mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia maua penye kaburi la mkewe alinionyesha njia kwa mkono, bila kuniuliza ninamtafuta nani. Aliliona tu kwenye uso wangu kwamba mimi ni mgeni, na wageni wengi humwendea yule yule.

Hapa penye kaburi ndipo nilipopata fadhaa kubwa kuliko zote za safari. Jack alizikwa mara mbili. Mara ya kwanza, mapema Juni 1916, mama yake alimleta nyumbani kutoka kaskazini, na kwa kuwa familia haikuwa na uwezo wakamzika katika kaburi la pamoja la maskini, likatiwa namba 323. Hakuna bendi, hakuna bunduki za heshima. Kisha sifa zake zikaenea, magazeti yakapiga kelele kwamba shujaa wa taifa amelala kwenye kaburi la umma, na mwisho wa Julai akafukuliwa. Mwili ukachukuliwa kwenye kibebea mzinga, mabaharia wadogo wa rika lake wakalivuta jeneza, mitaa ikafurika watu, akazikwa upya kwa heshima zote za kijeshi.

Kufukua maiti kwetu ni jambo zito mno, la kuombewa fatwa na la kutajwa kwa sauti ya chini. Nilisimama pale nikajaribu kumwelewa yule mama. Alimzika mwanawe kwa machozi yake mwenyewe kwanza, bila mtu kumjua. Wiki saba baadaye akamzika tena mbele ya umati. Mara ya pili ilimpunguzia uchungu, au ilimtonesha? Mimi ningetaka mwanangu alazwe mara moja na aachwe. Lakini pia najua kwetu kinachomfariji mfiwa ni wingi wa waliokuja, na huenda yule mama aliwaona wale maelfu akajua hakuwa peke yake. Niliondoka na mawazo yote mawili, na bado ninayo.

Jiwe la kaburi ndilo lililonipa furaha. Nililisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole, nikifuata herufi kwa kidole. Limejengwa kwa michango ya wanafunzi na waliopata kuwa wanafunzi wa shule za East Ham. Chini yake kuna maneno ya kusema kwamba si mali wala ukoo unaomkuza binadamu, bali mwenendo mwema na tabia njema. Watoto wa maskini walichangia senti zao wakamwekea jiwe mtoto wa maskini mwenzao, wakaandika na sababu.

Mzee wa maua alikuja akasimama kando yangu. “Unatoka mbali?” akauliza.

“Mombasa, Kenya.”

“Nilifika bandari yenu nikiwa kijana, kwenye meli ya mizigo,” akasema, uso ukachangamka. “Kilindini! Maembe!” Tukapeana mikono juu ya maembe ya Kilindini, mbele ya baharia mdogo, na sikuona kama tumemkosea adabu.

Nilibakiza mahali pamoja. Baada ya Jutland, Chester iliyotobolewa ilielekea mto Humber, na majeruhi wakapelekwa hospitali ya Grimsby, mji wa wavuvi wa pwani ya mashariki. Niliamua kwenda. Treni ilitoka King's Cross, nikabadilisha Doncaster, kisha reli ikakata nchi tambarare isiyo na kilima hata kimoja, kondoo wakubwa wamelala nyasini mchana kweupe kana kwamba hawana mchungaji. Saa zote hizo niliwaza kwamba mama yake Jack alifunga safari hii hii akiwa na simu ya maandishi kutoka jeshini mkononi. Hata kwa treni za leo ni safari ndefu. Ukiwa na mtoto mahututi mwisho wa reli, sijui mtu anakaaje kwenye kiti.

Hakumkuta hai. Jack alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni, mama yake bado hajafika. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa hospitalini vita vilikwendaje alijibu kwamba walijitahidi vizuri, na kwamba alimwomba muuguzi amfikishie mama yake salamu za mapenzi, kwani alijua yuko njiani. Salamu ndizo alizozikuta. Baba yake, ambaye pamoja na uzee wake naye alikuwa amerudi jeshini, alikufa Oktoba mwaka huo huo akazikwa kaburi moja na mwanawe, wiki chache kabla ya mkewe kwenda ikulu kuchukua nishani. Ndugu wa kambo wa Jack akauawa Ufaransa mwaka 1918. Mama mwenyewe alifariki 1919, akiwa na miaka 48, katika nyumba ya kupanga mashariki ya London, maskini kama alivyokuwa. Na mchoraji Frank Salisbury alipochora picha kubwa ya rangi ya Jack penye mzinga, ilibidi Ernest, ndugu wa Jack, akae mbele ya mchoraji badala yake.

Grimsby ina mnara mwembamba wa matofali mekundu bandarini, wenye zaidi ya mita 90, unaoonekana kutoka mbali. Ulijengwa 1852 kwa ajili ya maji ya kuendeshea milango ya gati. Nilitembea hadi pwani ya Cleethorpes, mji wa jirani, nikitaka kuiona bahari ile. Nayo ilikuwa imepwa. Nimezaliwa pwani, nazijua bamvua, lakini sijaona maji kukimbia hivi: tope la kahawia limetandaa hadi upeo wa macho, na bahari yenyewe ni uzi mwembamba kwa mbali. Nje huko zimesimama ngome mbili za zege na chuma zilizoanza kujengwa baharini wakati wa vita vile vile ili kulinda mdomo wa mto. Upepo wa Juni ulikuwa baridi ya kukaza meno. Nilivua viatu nikatia mguu kwenye kidimbwi, nikautoa upesi. Kwa mtoto aliyelelewa mitaani Manor Park, bahari hii ilikuwa ngeni kama ilivyokuwa kwangu.

Jioni ya mwisho mama mdogo alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukala chini kwenye mkeka. Nilimsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Yule mama angalau alipewa kitu cha kushika. Babu yake bibi yako walimchukua kubeba mizigo ya vita ile ile, kuelekea Tanganyika. Hakurudi. Hatukuambiwa alikufa wapi, wala kwa nini.”

Kisa hicho nilikisikia utotoni, lakini sikuwahi kukiweka mwaka mmoja na Jutland. Wakati Jack akingoja amri kwenye bahari ya baridi, wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa wakifa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa, wamebeba risasi na unga wa wazungu waliokuwa wakipigana katika nchi yetu. Kuna sanamu za ukumbusho za mwaka 1927, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, zenye watu wa shaba wasio na majina. Sipunguzi sifa ya Jack Cornwell kwa kusema hivyo. Nimesimama penye mzinga wake na namheshimu kwa moyo wote. Lakini nimeona pia kilichomfanya abaki hai midomoni mwa watu. Ikulu ilimpa shaba mara moja, siku moja. Wanafunzi wa East Ham ndio waliochanga jiwe, shule yake ya zamani ikaja kupewa jina lake, na mtaa ukaitwa kwa jina lake hadi mgeni kutoka Mombasa akauliza.

Nimerudi darasani. Muhula huu nimewapa wanafunzi wangu kazi: kila mmoja akawaulize wakubwa wa nyumba yao kama kuna babu aliyechukuliwa kubeba mizigo vitani, alikuwa nani, mwana wa nani, alitoka kijiji gani. Majina yameanza kuja, mengine kamili, mengine nusu, mengine yakiwa na hadithi nzima. Tunayaandika kwa wino kwenye daftari kubwa la shule. Likijaa tutachangishana tuyachonge kwenye jiwe, na ukutani pa shule yetu nafasi iko.